Jani Kwenye Maji ya Ndiva

Baba yangu alikuwa akifika Same kabla hajaondoka nyumbani. Watu wa kijijini kwetu, juu ya Gonja, walilisema hilo kwa utani, lakini jioni ya kuamkia safari hakuna aliyethubutu kumsemesha. Aliketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, macho ameyafumba, vidole vikigusagusa goti. Ukimwuliza anafanya nini, alijibu bila kufumbua macho kwamba anatembea, na kwamba ukimsumbua utamwangusha mtoni. Baada ya muda alisimama, akajinyoosha mgongo, akasema, "Nimeshafika. Imebaki miguu tu."

Asubuhi yake aliongoza watu wenye mizigo ya ndizi na kahawa, wakapanda hadi msitu wa Shengena na kuteremkia upande wa pili, huko Same, kwenye boma la Mwingereza na stesheni ya reli. Ukungu wa kule juu unamfanya mtu asimwone aliye mbele yake. Baba hakuuhofia. Mvua ikiwa imenyesha jana, alishajua tangu kwenye kigoda ni kijito kipi kitakataa watu na ni kipi kitakubali, na alishaibadilisha njia kichwani kabla mtu hajajitwisha mzigo. Sikumbuki hata safari moja aliyoikatisha nusu njia. Nilimwonea fahari, na sikuificha fahari hiyo, nikawaudhi watoto wenzangu wote.

Halafu serikali ikataka watu wa kwenda kusafisha barabara huko Bendera. Baba akaenda na wenzake, na wenzake wakamrudisha kwenye machela. Homa ilikuwa imempanda kichwani. Alilala siku nyingi akiweweseka, na dresa, mganga msaidizi wa dispensari ya misheni, alimwambia mama aandae sanda na sala, vyote viwili. Homa ikashuka. Baba alifumbua macho, akatutaja sote, akasali Baba Yetu mpaka mwisho, akauliza kama mbuzi ameshazaa. Mama alilia kwa furaha. Dresa akasema mgonjwa amepona, akaenda zake.

Siku hiyohiyo baba akatoka kwenda chooni, hakurudi. Tulimkuta kwenye mahindi ya jirani amesimama, kaptula kaishika mkononi, akiangalia huku na huku. Choo chetu kilikuwa nyuma ya migomba, mahali ambapo hata kuku wetu walipajua. Tulicheka. Yeye pia alicheka, kisha akaniuliza polepole nyumba iko wapi. Ilikuwa mgongoni pake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu siku ile. Akiiona nyumba, aliijua. Akiipa mgongo, imekwisha, kama haikujengwa. Watu wote aliwajua kwa sura na kwa sauti, madeni yao ya utani aliyakumbuka, nyimbo za kanisani alizijua ubeti kwa ubeti. Ukimwambia akutajie njia ya Same, aliitaja yote, mlima na kijito, bila kukosea. Ukimwambia aende kwa jirani kuomba moto, alisimama mlangoni akihangaika macho. Na jioni aliketi kwenye kigoda chake kwa mazoea, akafumba macho, akayafumbua upesi, akainuka.

Mjukuu wangu mmoja anasomea udaktari. Nilipomsimulia haya, alichukua mkaa akanichorea kwenye sakafu ya saruji, akaniharibia sakafu. Alisema ndani ya ubongo, karibu na masikio, kuna chembe za neva zilizofungamana kwa mtandao, na wataalamu wanadhani kila chembe ina mahali pake: moja huamka ukiwa mlangoni, nyingine ukifika kwenye mpera, nyingine kwenye kivuko. Kwa pamoja zinakutengenezea ramani. Tena mtu akitulia kabla ya safari, huenda chembe hizo zikaamka kwa kufuatana, upesi upesi, kana kwamba anapita njia yenyewe, zikaijaribu njia hii na ile ili achague. Aliongeza kwamba sehemu hiyohiyo inaonekana kutusaidia kuyaona mambo ya mbele, siyo njia peke yake. Homa ikiila, mtu hubaki na maneno yake na akakosa mahali pa kuyaweka. Aliyasema haya kwa furaha ya msomi. Nilimwambia amechelewa, na kwamba afute sakafu yangu.

Maana huko nyuma hapakuwa na mtu wa kuyasema, na baba mkubwa alikuwa na maelezo yake. Baba mkubwa, kaka yake baba wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndiva ya ukoo wetu. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo mababu walilijenga juu mlimani. Usiku kucha linajaa, asubuhi linazibuliwa, na maji yanashuka kwa mfereji kupitia mashamba ya watu kwa zamu. Mfereji wetu ulitambaa ubavuni mwa mlima, ukapita nyuma ya nyumba yetu, ukaendelea kuteremka hadi mkia wake ulipoishia karibu na Maore, tambarare. Anayeshika mlango wa ndiva amewashika watu koo, na baba mkubwa alijua kushika.

Mfereji ukijaa tope, pembe hupigwa na watu wote huitwa kwenye msaragambo. Kila mwenye shamba linalonyweshwa anakuja na jembe lake. Asiyekuja hutozwa, na akikosa cha kutoa, watu huingia kwake wakachukua wanachokitaka. Baba aliposikia pembe alichukua jembe akatoka kabla ya wengine, kama zamani, na hakufika. Alipatikana kwa watu wa ukoo mwingine, au msituni, au barazani kwa mwalimu wa dini akiwa ameshapewa chai. Wakaja wakamchukua mbuzi wetu, yule aliyezaa. Mara nyingine wakachukua chungu kikubwa cha mama, na kilikuwa na maharage ndani. Waliyala maharage kulekule kwenye mfereji.

"Ulimi wake mzima, miguu yake mizima," baba mkubwa aliwaambia watu. "Mtu anayeitaja njia ya Same yote atapoteaje kwenda kwenye mfereji? Huyu ameonja uvivu kitandani, ameupenda."

Watu waliamini, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuamini. Shangazi yangu, dada yao, alimpa baba jina la Kondoo Aliyepotea, na kwa vile sote tulikuwa Wakristo, kila mtu alijua kulitumia. Jumapili akichelewa ibadani, au akikaa upande wa wanawake, minong'ono ya me, me, me ilipita kwenye mabenchi. Mchungaji aliwaambia wanyamaze, naye mdomo ukimcheza. Wapo waliokuwa wameongozwa na baba kwenye ukungu wa Shengena, wakiwa wameshika ncha ya shuka lake ili wasife. Hao ndio waliolia me kwa sauti kubwa zaidi. Nimewazika karibu wote, na sikumlilia hata mmoja.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaanza kupikia nyumba. Siku moja nilikuwa nafua nyuma ya nyumba, kwenye mfereji, baba ameketi kando yangu anaangalia jani la mpera likichukuliwa na maji. Akaniuliza linakwenda wapi. Nikamjibu Maore. Nikashika nguo mkononi bila kuifua. Mfereji ukitambaa ubavuni mwa mlima hivi, jicho halikuambii maji yanatokea upande upi. Jani linakuambia.

"Baba," nikamwambia, "ukitoka, fuata jani. Ukirudi, likatae. Kokote utakakokuwa, mradi uko kwenye mfereji, tupa jani."

Nilimkataza kabisa kupita nyumba kwenda juu, upande wa ndiva, kwa sababu kule jani lingemdanganya: akilikataa angezidi kupanda na kuiacha nyumba nyuma. Tukajaribu. Alishuka nalo hadi kwenye mashamba ya chini, akageuka, akatupa jani jingine, akapanda akilikataa, mpaka akaiona nyumba. Alipoiona aliketi chini kwenye majani mabichi, akalia waziwazi, huku ananishika mkono. Tangu siku hiyo aliweza kwenda kulima na kurudi peke yake, mfuko wa kaptula umejaa majani. Kwenye msaragambo wa mashamba ya chini alifika. Ule wa kusafisha ndiva yenyewe, juu, hakufika, na ndio uliomponza.

Baba mkubwa aliitisha kikao cha ukoo uani kwake. Alisema mtu huyu anakuja kwenye kazi nyepesi na kupotea kwenye kazi nzito, kwa hiyo apimwe. Wamteremshe hadi Maore, kwenye mkia wa mfereji, wamwache huko. Akirudi mwenyewe kabla jua halijazama, basi kumbe anajua njia, ni mwongo, na atalipia misaragambo yote aliyokosa kwa shamba lake la migomba lililo kando ya mfereji. Asiporudi, basi ni mgonjwa kweli, hatadaiwa kitu tena. Wazee wakaona ni haki. Hakuna aliyeuliza asiporudi atakuwa wapi. Chui walikuwepo miaka ile.

Shamba lile ndilo tulilokula. Hatukuwa na jingine la maana. Nilimtazama baba nikidhani atakataa, atacheka, atasema neno. Baba alikuwa ametabasamu. Yeye aliyekuwa akiona kijito kilichojaa akiwa bado kwenye kigoda, alishindwa kuona kilichokuwa hatua moja mbele yake. Alisikia tu kwamba wanataka kuona kama anaweza kurudi nyumbani.

"Nitarudi," akawaambia. "Mtaona."

Jioni nilimfuata jikoni. Mama alinikonyeza ninyamaze, kwani mambo ya kikao ni ya wanaume, lakini nilikuwa nimeshanyamaza vya kutosha.

"Baba, ukirudi tumekwisha," nikasema. "Kesho potea."

"Nipotee, na ninajua kurudi?"

"Potea. Kaa Maore kwa mtu yeyote, nitakuja kukuchukua kesho kutwa."

Alinitazama kwa uchungu, kama mtu aliyetukanwa na mwanawe. Akaniambia kwamba kijiji kizima kimemlilia kondoo, na sasa na mimi namtaka awe kondoo. Nilimweleza tena, taratibu, akirudi itakuwaje, na baada ya hapo itakuwaje. Alitikisa kichwa kwa kila neno. Maneno aliyaelewa. Hayakwenda popote.

Wakampeleka asubuhi. Sisi tulikaa uani kwetu, na watu walianza kukusanyika mapema, wanawake na ufumaji wao, wazee na ugoro. Niliomba Mungu apotee. Niliomba kwa moyo wote, na nilimtajia Mungu hata mahali pa kumpotezea, pale mfereji unapovuka njia ya ng'ombe, maji yanapotawanyika. Alasiri, tukasikia mluzi wa wimbo wa kanisani. Alitokea nyuma ya migomba, miguu imejaa tope la tambarare, jani moja mkononi, uso unang'aa. Alisimama mbele yao akasubiri kupongezwa.

"Karibu, mwongo," baba mkubwa akamwambia.

Shangazi alipiga makofi. Baba alimwangalia kila mmoja, akitafuta alipokosea, huku tabasamu limebaki usoni kwa kukosa pa kwenda. Nilisimama katikati ya wanaume wale nikasema. Nilisema huyu hajui njia, anajua jani. Maji ndiyo yamemleta. Kama ni wanaume wa haki, wazibe ndiva kesho, mfereji ukauke, wampime upya. Mzee mmoja alitaka nichapwe. Baba mkubwa akasema hapana, binti amesema vizuri, na tena itakuwa burudani. Alikuwa na hakika ya mambo yake. Nami nilikuwa na hakika ya yangu.

Kuna ndugu zangu ambao mpaka leo wananiambia nilimvua baba nguo mbele ya watu. Waseme. Wao walikuwa wapi siku hiyo na kauli yao.

Asubuhi ndiva haikuzibuliwa. Hawakumpeleka mbali, walimwacha chini ya shamba letu tu, mahali ambapo ungeita kwa sauti nyumbani wakakusikia, ila migomba ilizuia macho. Watu walijipanga kwenye ukingo wa juu. Baba alitoa jani mfukoni akalitupa kwenye kidimbwi kilichobaki. Jani likazunguka, likatulia. Akasubiri. Akalitoa, akachagua jingine pana zaidi, akalitupa. Ukaja upepo, likasogea kuelekea kulia, naye akaondoka kushoto kwa furaha, akilikataa. Akafika kidimbwi kingine, akatupa jani, upepo ukageuka, naye akageuka, akarudi alikotoka. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Juu yake watu walicheka mpaka wakashikana wasianguke. Shangazi alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mama alikuwa amejifunika uso kwa yake.

Mwishoni alichoka, akaketi ndani ya mfereji wenyewe, kwenye tope. Nilishuka. Hakuna aliyenizuia.

"Mwanangu, jani halisemi," akaniambia.

"Najua, baba."

"Nani ameziba maji?"

"Mimi."

Halafu akasema, bila hasira, "Basi zibua."

Nilimshika mkono nikampandisha nyumbani katikati ya kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu augue, hakuna aliyelia me. Walikuwa wameona. Nilidhani nimeshinda. Wazee wakakaa palepale ukingoni, wakakubaliana kwamba kweli kichwa kimeharibika na kwamba alichotozwa huko nyuma kilikuwa cha makosa, ingawa mbuzi alishaliwa na haitakuwa vizuri kukumbushana. Ndipo baba mkubwa alipotoa yake. Alisema kwa sauti ya huruma kabisa, nadhani hata yeye mwenyewe aliiamini.

"Ndugu yangu ni mgonjwa, na mgonjwa halaumiwi. Lakini mgonjwa hapangi kilimo wala hashiki zamu ya maji. Shamba nitamtunzia mimi."

Wazee wakaona na hilo ni haki. Kama angekuwa mwongo, shamba lingekuwa la kaka yake. Kwa kuwa si mwongo, shamba likawa la kaka yake. Nilimwambia baba mkubwa uso kwa uso kwamba ni mwizi, na safari hiyo nilichapwa kweli, na aliyenichapa ni shangazi. Alinichapa kwa kipande cha mgomba kutoka shamba hilohilo. Mama alikwenda kwa chifu, akaambiwa mambo ya ndiva ni ya ukoo. Alitaka kwenda kwa bwana shauri, yule Mwingereza wa boma la Same, lakini aliyekuwa akiwapeleka watu Same alikuwa ameketi nyuma ya jiko.

Baba mkubwa hakupenda maji yake yapite uani kwetu tena, kwani alisema tungeyaiba. Pembe ikapigwa. Watu wakaja na majembe, wakachimba mkondo mpya uliopita mbali, upande wa nyumba yake, ukateremka kwenye migomba iliyokuwa yetu. Walifanya kazi nzuri, wakaimba. Baba alisikia pembe akachukua jembe, akatoka mlangoni, akaenda nyuma ya nyumba, akatupa jani kwenye mfereji mkavu. Nikamwondolea jembe.

Majani yaliota kwenye mfereji wetu, baadaye magugu, baadaye tukatupa humo maganda. Baba hakutoka tena uani. Chooni nilimpeleka mimi, au mama. Kijiji kilimwonea huruma sana kuanzia hapo, wakamletea maziwa na ndizi za shamba lake, na shangazi alikuja kumsomea Zaburi. Kwenye ibada walimwombea kwa jina lake la ubatizo, lile la kondoo wakaliacha. Ningewapenda zaidi kama wangeendelea kucheka.

Siku chache kabla sijaolewa nilimkuta jioni kwenye kigoda, macho amefumba. Vidole havikugusa goti. Nilimwuliza anakwenda wapi.

"Same," akasema.

"Umefika wapi?"

"Ukutani. Hapa kwenye ukuta wa jiko. Nikiupita hakuna mahali."

Niliwahi kwenda naye Same, nilikuwa naikumbuka njia. Nikachuchumaa mbele yake nikaanza kumpeleka: tunapanda kwa kina fulani, tunashika ukingo, tunaingia msituni, kijito cha kwanza kina mawe. Alinisikiliza kidogo, kisha akaniwekea mkono begani ninyamaze.

"Hayo ni maneno, mwanangu," akasema. "Maneno ninayo."

Mama akaja na maji ya moto kwenye beseni, akachutama, akamwosha miguu. Ilikuwa imeshalainika kwa kutotembea.